Soseji na viazi kwenye kikaango kimoja: kila kitu kiingie kwa zamu yake

Jiko la Tabata (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Kila mara humu kuna mtu anauliza apike nini akirudi kazini saa mbili usiku, na majibu huishia kwenye tambi au mkate na mayai. Nashusha uzi wa soseji na viazi kwenye kikaango kimoja. Viazi vinaanza vibichi humo humo, havichemshwi pembeni, na mafuta ni ya vijiko tu, si ya kuzamisha kama chipsi. Viazi vikishamenywa, ndani ya dakika 30 mnakula.

Nianze na kinachowashinda wengi. Kiazi kibichi kinataka muda, soseji haitaki. Soseji nyingi za pakiti tunazonunua zimeshaivishwa kiwandani, zinahitaji kupata moto na rangi basi. Ukitia vyote kwa pamoja, soseji inakauka na kukunjamana wakati kiazi katikati bado kigumu. Watu wakila hicho wanasema chakula chenyewe hakina maana. Kina maana sana, ila kila kitu kiingie kwa zamu yake.

Kwa watu 3 au 4: viazi mviringo robo tatu kilo, soseji 6, kitunguu maji 1 kikubwa, hoho 1, nyanya 2, kitunguu saumu punje 3, mafuta ya kula vijiko 3 vya chakula, maji robo kikombe, binzari nyembamba nusu kijiko cha chai, pilipili manga, chumvi, na kotimiri kama ipo. Kikaango kiwe kipana na kiwe na mfuniko. Kama hakikuja na mfuniko wake, wa sufuria unaolingana unatosha.

Menya viazi, kata vipande vya mraba, kila upande sentimita moja na nusu hivi, na vilingane. Vioshe mpaka maji yaache kuwa meupe, maana ule weupe ni wanga wa juu na ndio unaogandisha viazi kwenye kikaango. Kisha vikaushe kwa kitambaa safi. Hatua hii msiiruke. Kiazi chenye maji kikikutana na mafuta ya moto kinarusha mafuta mpaka ukutani, na rangi hakipati.

Soseji kata mshazari, unene wa sentimita moja. Pasha kijiko 1 cha mafuta, kaanga soseji kwa moto wa kati dakika 3 au 4 mpaka zipate rangi pande zote mbili, kisha zitoe uweke kwenye sahani. Mafuta yaliyotoka kwenye soseji, pamoja na ile rangi iliyobaki chini ya kikaango, ndiyo ladha itakayoingia kwenye viazi.

Ongeza mafuta yaliyobaki, mwaga viazi, visambaze viwe tabaka moja. Viache. Usikoroge kwa dakika 4. Kiazi kikishafanya ganda upande wa chini kinajiachia chenyewe. Ukikilazimisha mapema kinaacha ngozi yake kwenye kikaango. Geuza mara moja, acha tena dakika 3. Sasa nyunyiza chumvi kidogo, mwagia ile robo kikombe ya maji, funika haraka na upunguze moto. Mvuke ndio utakaoivisha katikati. Baada ya dakika 7 au 8 choma kipande kikubwa kwa uma. Ukipenya bila kusukuma, funua.

Hapa tega sikio. Maji yakiwa bado yamo, kikaango kinatoa sauti nzito ya kutokota. Yakikauka, sauti inakuwa nyepesi, ya kuchachatika, maana yake mafuta yamerudi kukaanga. Ukisikia hivyo tia kitunguu na hoho, dakika 3. Kisha saumu na binzari, nusu dakika tu zisiungue. Kisha soseji zinarudi. Nyanya mwisho kabisa.

Kuhusu nyanya nasisitiza: usiiweke kabla kiazi hakijalainika. Chembe za kiazi zimeshikanishwa na pektini, ambayo ni kama gundi, na uchachu wa nyanya unaizuia hiyo pektini isilegee. Unaweza kupika muda mrefu kiazi kikabaki kigumu ndani ya rojo ukadhani umeuziwa viazi vibaya. Ndimu, ukwaju na siki nazo ni hivyo hivyo.

Chumvi onja mwishoni, soseji ina yake ya kutosha. Pilipili manga, kotimiri, zima moto. Kachumbari pembeni.

Karibuni kwa maswali na maboresho.

---

Ngedere Mpole

Naweka kambi hapa. Hiyo ya nyanya imenijibu swali la siku nyingi.

---

mama_kulwa

Asante mpendwa kwa uzi. Kwangu watoto wanapenda rojo zito, vikavu hawali. Nikifuata hatua zako rojo nitalipataje, maana nyanya ni mwisho tena 2 tu?

---

Jiko la Tabata

Mama Kulwa, nyanya ziwe 4, uzikwangue au uzisage, lakini zamu yake ibaki ile ile. Viazi vikishalainika na kitunguu kikiiva, visogeze vyote pembeni ya kikaango, mwaga nyanya katikati pamoja na kijiko kimoja cha nyanya ya kopo, ipike hapo katikati mpaka uone mafuta yanatokeza juu. Ndipo uchanganye, uongeze maji nusu kikombe na kurudisha soseji. Acha vitokote dakika 3. Viazi vichache vitavunjika na kulipa rojo uzito, na kwa rosti hilo unalitaka.

---

Mtu wa Temeke

Mkuu nakubaliana na yote isipokuwa moja. Mimi soseji sizitoi. Nazikaanga, nazisogeza pembeni, viazi vinaingia. Umesema kikaango kimoja halafu unaniongezea sahani ya kuosha.

---

Jiko la Tabata

Sahani hiyo hiyo ndiyo utakayolia chakula, kwa hiyo hakuna cha ziada, mradi soseji ziwe zimeshaiva. Kinachonifanya nizitoe ni ule mvuke. Dakika 8 chini ya mfuniko soseji inavimba, ganda linapasuka, na ile rangi uliyoikaanga kwa bidii inalainika tena. Jaribu siku moja kuzitoa, siku nyingine uziache, ule kwa kutulia. Mimi tofauti naiona kwenye kuuma: iliyotolewa ina ule ukinzani kidogo wa juu.

---

Mkulima wa Makambako

Mleta mada umesema viazi mviringo ukaishia hapo, na mimi kama mkulima siwezi kupita kimya.

Viazi havifanani. Kipo chenye wanga mwingi na maji machache, kile ambacho ukikichemsha kinapasuka ngozi na kuwa unga. Hicho ni kizuri kwa chipsi na kwa kuponda, lakini kwenye kikaango chenye mvuke kinavunjika kabla hujageuza. Na kipo chenye maji kiasi, nyama imeshikana, ukikikata kisu kinapita bila kuacha unga mwingi mweupe. Hicho ndicho cha chakula hiki. Sokoni muulize muuzaji swali moja tu: kikichemshwa kinapasuka? Anayejua biashara yake atakujibu palepale, na atakuambia pia kama vimetoka Njombe, Mbeya au Lushoto.

Kiazi kichanga, kile ambacho ngozi yake inatoka ukiisugua kwa kidole gumba, kinashika umbo vizuri mno. Ila kina maji mengi, kwa hiyo kinachelewa kupata rangi. Kwa hicho robo kikombe ya maji ni nyingi, weka nusu yake.

La pili, na hili ni la afya. Kiazi chenye ukijani kimepigwa na mwanga, na pamoja na ule ukijani hujengeka sumu inayoitwa solanini. Solanini haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga. Doa dogo likate kwa kina pamoja na macho yaliyochipua. Kikiwa kijani sehemu kubwa au kikiwa kichungu mdomoni, tupa chote. Nikija mjini huwa nasikitika nikiona fungu zuri limepangwa juani tangu asubuhi. Nunua kwa anayeviweka kivulini, na nyumbani viweke penye giza na hewa.

La tatu, usiviweke kwenye friji. Baridi inageuza wanga kuwa sukari, na kiazi chenye sukari kikikaangwa kinakuwa cheusi nje kabla ndani hakijaiva.

---

Ngedere Mpole

Mkulima umetisha. Kumbe ndiyo maana viazi vyangu vya friji vinaungua kila siku nikidhani ni jiko.

---

Embakasi Kijana

Salamu kutoka Nairobi. Huku ukienda soko utauziwa Shangi hata usipoitaja, ndiyo aina ya waru (viazi) imejaa kila mahali. Shangi huiva haraka sana. Dakika 8 chini ya kifuniko ni nyingi kwake, mimi hufunua ya 5, na maji naweka vijiko viwili vitatu tu. Pia huchipua mapema, kwa hivyo usinunue debe nzima kama mko wawili.

Lakini kuna jambo lingine ambalo watu wa Dar na Mombasa hawalioni. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na maji huku huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Mvuke wetu una moto mdogo. Waru ya aina moja, iliyokatwa saizi moja, itachelewa huku kuliko Pwani. Ndugu wa Makambako naona yuko juu kama sisi, atakubaliana nami. Kwa hivyo dakika zilizoandikwa juu zichukue kama mwongozo, uma ndio uamue.

Na kwa wale wa smokie: zimeshaiva na kufukizwa moshi, dakika 2 kwa kikaango zinatosha. Nyanya na dania nyingi juu.

---

Mkulima wa Makambako

Kijana wa Embakasi umesema kweli. Huku maharage ndiyo yanayotuonyesha zaidi, ila hata kiazi kinachelewa. Kata vipande vidogo kidogo kuliko alivyosema mleta mada, utafidia.

---

Pwani ni Kwetu

Ahsanteni kwa darsa. Sisi huku Mombasa mbatata na soseji twazipika hivi hivi, ila mwisho natia ukwaju uliolowekwa, vijiko viwili, na pilipili mbichi iliyopasuliwa. Nimefurahi kuona sababu ya kuutia mwisho, mamangu alikuwa akisisitiza hivyo na mimi nafuata tu.

Langu ni kuhusu pakiti. Waislamu wenzangu, someni maandishi yote, msitosheke na neno "ng'ombe" kubwa la mbele. Nyama yaweza kuwa ya ng'ombe na ganda likawa na asili nyingine, kwa maana ganda la soseji hutengenezwa kwa utumbo wa kondoo, wa nguruwe, au kolajeni ya ng'ombe. Tafuteni alama ya halali ya taasisi inayojulikana. Mkinunua zisizo na pakiti, zile za kupimiwa, muulizeni muuzaji zatoka wapi na kisu chake chakata nini kingine.

---

Muuza Bucha

Mleta mada ameandika kwamba soseji nyingi za pakiti zimeshaiva. Ni sahihi, lakini naomba niongeze kwa sababu nafanya kazi hii.

Soseji za bucha, zile tunazojaza wenyewe asubuhi, ni MBICHI. Ni nyama ya kusaga, mafuta na viungo ndani ya ganda. Ukisaga nyama, vijidudu vilivyokuwa juu ya nyama vinaingia ndani kote, kwa hiyo huwezi kuila nusu mbichi kama mtu anavyofanya na steki. Ya ng'ombe ifike nyuzi 71 katikati, ya kuku 74. Nyumbani wengi hawana kipimajoto, basi fanyeni hivi: msizikate. Zipange nzima kwenye kikaango na maji kidogo, funikeni kwa dakika 10 moto mdogo, mkizigeuza mara moja. Maji yakikauka tia mafuta, zipate rangi, zitoe, zipumzike kidogo ndipo mzikate. Sahani na kisu vilivyogusa soseji mbichi visirudi kwenye chakula kilichoiva kabla ya kuoshwa. Kisha endeleeni na viazi kama alivyoeleza.

Msitumie rangi kupima. Soseji ya kiwandani hutiwa nitraiti, chumvi ya kuhifadhi nyama, ambayo inaiacha nyekundu nyekundu hata ikiiva mara kumi. Na isiyotiwa inaweza kuwa ya kijivu mapema katikati ikiwa bado.

Halafu kuna hili la kula soseji ya pakiti moja kwa moja kutoka kwenye friji kwa kuwa "imeshaiva". Afrika Kusini mwaka 2017 na 2018 walipata mlipuko wa ugonjwa wa kijidudu kiitwacho listeria, na chanzo kilikuwa polonyi, nyama ya kiwandani iliyoivishwa na kuliwa bila kupashwa. Waliougua walipita 1,000 na waliokufa walipita 200, wakiwemo watoto wachanga wengi. Listeria inaendelea kukua hata ndani ya friji, lakini moto unaiua. Kwa hiyo zile dakika 3 au 4 za kikaango usizione kama urembo. Mjamzito na mzee hasa, zipashwe mpaka ndani zitoe moshi.

---

mama_kulwa

Muuza Bucha ubarikiwe. Zile za bucha mie nilikuwa nazikata mbichi, zinamwagika nyama yote kwenye mafuta.

---

Nesi Zamu ya Usiku

Kwa kuwa Mama Kulwa ametaja watoto, naomba muda wenu kidogo, maana hili naliona kazini.

Soseji iliyokatwa duara ni moja ya vyakula hatari zaidi kwa mtoto wa chini ya miaka 5. Ni laini, inateleza, na ukubwa wake unaziba njia ya hewa ya mtoto sawasawa. Kwa mtoto mdogo ipasue kwanza kwa urefu mara nne, kisha ukate vipande vidogo. Ganda gumu livue. Akae kitako akila, asikimbie na chakula mdomoni. Mtu mzima ampe kwa macho yake, simu pembeni.

Soseji za watoto nazikata mwanzoni kabisa, kabla hazijaingia kwenye kikaango, ili wakati wa kupakua nisisahau.

---

Jiko la Tabata

Nesi, asante sana. Naomba wote wenye watoto wasome hapo juu kabla ya kukata mshazari nilivyoandika mimi. Mshazari ni wa watu wazima.

---

Mtu wa Temeke

Nesi na mimi niulize hapo hapo. Ni kweli soseji zinaleta saratani au ni maneno ya mitandaoni?

---

Nesi Zamu ya Usiku

Kaka, si maneno ya mitandaoni, ila huwa yanafikishwa vibaya.

Mwaka 2015 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliziweka nyama za kusindikwa, soseji zikiwemo, kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani. Kundi hilo linaeleza uhakika wa ushahidi. Tumbaku imo humo pia, lakini haina maana kwamba soseji moja ni sawa na sigara moja. Walichokadiria ni kwamba mtu anayekula gramu 50 kila siku, yaani kama soseji moja, hatari yake ya saratani ya utumbo mpana inapanda kwa takriban asilimia 18 kulinganisha na asiyekula. Soma tena: kila siku.

Ushauri wangu, isiwe kila asubuhi na chai na kila jioni na viazi. Mara moja moja, na siku hiyo weka soseji chache mboga zikawa nyingi. Soseji ya kuku nayo ni nyama ya kusindikwa, kwa hiyo usijidanganye kwa rangi yake nyeupe.

---

Jiko la Tabata

Hilo nalikubali, na ndiyo sababu nimeweka soseji 6 kwa watu 4 na si mbili mbili. Chakula hiki kinabebwa na viazi. Unaweza kupunguza soseji hadi 3 ukaongeza karoti na maharage mabichi ya maganda, ambayo yanaingia pamoja na yale maji ya mvuke. Kabichi iliyokatwa nyembamba nayo inapendeza, iingie na hoho. Siku nyingine natoa soseji kabisa nachukua maini: nakaanga upesi, natoa, nayarudisha mwisho. Utaratibu haubadiliki hata kidogo.

---

Mwana Chuo

Wakuu mimi niko hosteli ya mtaani, nina jiko la koili na sufuria moja ya bati. Kikaango sina wala cha kuazima sina. Inawezekana?

---

Jiko la Tabata

Inawezekana mdogo wangu, ila fanya mabadiliko mawili. Sufuria nyembamba ya bati inapata moto sehemu moja na viazi vinashika. Ipashe kwanza tupu, kisha tia mafuta, mafuta yakianza kutetemeka juu ndipo viazi viingie. Na usijaze, pika cha mtu mmoja, viazi 3, soseji 2, tabaka moja chini ya sufuria.

Koili nayo haipungui moto haraka. Ukizungusha swichi inabaki ya moto dakika kadhaa, kwa hiyo punguza KABLA ya kumwaga maji ya mvuke, sio baada. Na mwisho zima mapema kidogo, ule moto uliobaki utamalizia nyanya.

---

Mshona Mikeka

Naona wote mnaongelea gesi na umeme. Sisi wa mkaa mmetusahau, na chakula hiki kwenye mkaa kinatoka kitamu.

Shida ya mkaa ni moto kuwa mkali pale unapotaka mdogo. Acha makaa yashike yote yawe mekundu, hapo ndipo ukaange soseji na kuvipa viazi lile ganda la kwanza. Ukifika kwenye kufunika, funga mlango wa jiko, chukua majivu uyatandaze juu ya makaa. Toa makaa mawili matatu uyaweke juu ya mfuniko wa bati, upalie kama unavyopalia wali. Moto wa juu unaikausha ile sehemu ya juu ya viazi, ukifunua unakuta vimepata rangi hata ambako havikugusa chuma. Hii kwenye gesi hamuipati.

Pikeni nje au dirisha liwe wazi, moshi wa mkaa usioonekana unaua.

---

Jiko la Tabata

Mshona Mikeka, hilo la kupalia sikuwa nimelifikiria kabisa. Wenye mkaa fuateni hapo.

---

Msafiri wa Dortmund

Habari za nyumbani. Mimi nipo Ujerumani na nimekuwa nikisoma kimya kimya.

Wenyeji wa huku wana chakula chao cha karibu sana na hiki, Bratkartoffeln, viazi vya kukaanga kwenye kikaango na vitunguu, na mara nyingi pembeni kuna soseji. Wengi wao hawaanzi na kiazi kibichi. Wanachemsha viazi na maganda jana yake, wanaviacha vipoe kabisa, kesho yake wanavimenya na kuvikata duara. Kiazi kilichoiva kikapoa, wanga wake hujikaza upya, kwa hiyo hakivunjiki kwenye kikaango na kinapata ukavu mzuri wa nje. Hata madukani viazi vinauzwa kwa kutenganishwa: mfuko umeandikwa festkochend kwa vile vinavyoshika umbo na mehligkochend kwa vile vya unga, ile tofauti aliyoieleza Mkulima. Nikifika dukani sihitaji kumuuliza mtu.

Kwa hiyo aliyebakiwa na viazi vya kuchemsha vya jana, asivitupe. Ruka hatua ya maji na mfuniko. Kaanga soseji, toa, viazi viingie na mafuta ya kutosha, vitulie dakika 5 kila upande, kitunguu, soseji, basi. Dakika 15 zote.

---

Mkulima wa Makambako

Hapo kwenye mfuko kuandikwa aina, natamani sana tufike. Huku bado tunapimiwa kwa lumbesa, aina zote zimechanganywa kwenye gunia moja, mpishi wa mjini atajuaje? Mkulima anayetenganisha hapati hata shilingi zaidi.

---

Embakasi Kijana

Hii ya viazi vya jana nimeifanya leo na Shangi. Zimeshika umbo kabisa, na hizo ndizo hunivunjikia kila mara. Asante Msafiri.

---

Pwani ni Kwetu

Na kwa wenye vikaango vya nonstiki: msikwangue kwa kijiko cha chuma, na msikipashe kitupu moto mkali. Ushauri wa kupasha tupu aliopewa yule mwanafunzi ni wa sufuria, si wa nonstiki. Nimeona nitaje kabla mtu hajachanganya.

---

Jiko la Tabata

Sahihi kabisa, asante kwa kuliweka wazi.

---

Mwana Chuo

Nimepika. Viazi vimeiva mpaka ndani, chini vimeshika kidogo tu. Swali la mwisho: nikipika usiku nikabakiza, asubuhi nitakula salama? Friji sina.

---

Nesi Zamu ya Usiku

Bila friji, hapana. Viazi vilivyoiva pamoja na soseji vikilala kwenye joto la Dar usiku kucha vinakuwa na vijidudu ambavyo vingine vinaacha sumu isiyoondoka hata ukipasha. Pika cha kumaliza. Mwenye friji akiingize ndani ya saa 2 baada ya kuiva, kwenye chombo kipana kipoe upesi.

---

Jiko la Tabata

Na akishakitoa asubuhi, kisirudi kwenye maji. Mafuta kijiko kimoja, moto wa kati, kitandaze, kigeuze mpaka kiwe cha moto kote, kisha vunja mayai mawili juu yake na ufunike dakika 3. Mwana Chuo, wewe menya viazi 2 badala ya 3, na ukitaka kuanza mapema vikate jioni uviloweke kwenye maji wakati unaoga. Ukitoka vitakuwa vimeshaachia wanga, unakausha tu na kuwasha jiko.